Mkate Mzima

Ntwali, soma hii. Nimesimamisha gari kituo cha mafuta hapa Fridley, Bernardine yumo garini na mtoto wake.

Unajua binti yake Bonheur anajifunza ngoma za Kiukraine kwa Mwalimu Halyna. Leo wazazi waliitwa kutazama. Miezi minne watoto wamefundishwa ngoma ya kukaribisha wageni, na Bonheur ndiye aliyechaguliwa kubeba mkate na chumvi.

Akaja akicheza mpaka mbele ya mama yake. Kwa desturi yao mgeni anamega kidogo, anachovya kwenye chumvi, basi. Nani alimwambia Bernardine? Akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili kama kwetu, akaketi na mkate mapajani. Mkate wote, Ntwali.

Watoto wakaacha kucheza, wengine wakacheka. Mwalimu akauliza kwa upole, "Bonheur, huyu ni mama yako?"

"Hapana. Ni jirani yetu."

Jirani. Kiingereza hicho Bernardine alikielewa chote. Mwalimu akamgeukia, akingoja. Naye akatabasamu, akasema, "Ndiyo, jirani. Mama yake yuko kazini."

Akarudisha mkate, akapangusa chumvi kwenye sketi. Mimi niliyepita nchi tano sikujua pa kutazama.

Njiani mtoto kamwita "mama" mara tatu kutoka kiti cha nyuma. Mara ya nne Bernardine kaitika bila kugeuka:

"Funga mkanda, mtoto wa jirani."