Miti Ile Ilikuwa Uzee Wangu

Gitega, Kigali
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na kile kifua kinachokubana msimu wa baridi kiwe kimelegea. Baridi ya Makete naijua, usitoke nje kabla jua halijapanda, hata ng'ombe akilia. Mimi mwili hauna neno, isipokuwa magoti, maana hapa Gitega ni kupanda na kushuka mlima kutwa, na magunia hayajibebi. Mchele unauzika. Moyo ndio mgonjwa, na sitakuficha.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Nikianza kusema unalia, ukilia nanyamaza, na nikinyamaza unadhani nimesamehe. Barua nimempa dereva anayetuletea mchele wa Kyela, atakuachia pale njia panda kwa baba mdogo. Neema, mjukuu wako, akikusomea asiruke neno, hata akifika kwenye mambo ya baba yake, Obedi.

Ulinitumia ujumbe kwamba Krismasi inakaribia, nimpigie mdogo wangu Obedi tuyamalize, kwani miti ni miti tu. Mama, hilo la "miti ni miti tu" ndilo lililonikalisha chini na kalamu.

Unajua nilivyoipata ile ardhi. Ndoa yangu ilipovunjika nikaja huku Kigali na begi moja. Nilipopata mtaji wangu wa kwanza sikununua kitenge wala kochi, nilinunua ule mlima nyuma ya kanisa, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nikapanda paini. Nilikwambia siku ile: "Mama, mimi sina mwajiri wa kunikata pensheni, na mtoto Mungu hakunipa. Miti hii ikikomaa nitaipasua mbao, nijenge vyumba vya kupangisha pale Njombe mjini, nile uzeeni bila kumwomba mtu." Ukaniambia, "Umewaza vizuri, mwanangu." Ulisema hivyo kwa mdomo wako.

Kila nilipopata nauli nilikuja kuipogolea na kusafisha njia ya kuzuia moto. Kila Jumapili kwenye simu nilikuuliza, "Miti inaendeleaje?" Ukanijibu, "Iko salama, imekuwa mirefu, inapendeza." Hata Jumapili ile ya mwisho kabla sijasafiri ulinijibu hivyo hivyo.

Nilifika na panga langu la kupogolea nimelinoa huku huku. Sikupita nyumbani kwanza, nilikuwa na hamu ya kuuona msitu. Mama, nilidhani nimepotea njia. Nilisimama pale nikitafuta miti yangu mahali palipojaa visiki. Vilikuwa bado vinatoa utomvu. Jirani yetu Eliza alikuwa anachimba viazi shamba la chini, akapanda mpaka niliposimama. Sikumuuliza kitu. Akasema mwenyewe: "Dada Yusta, sisi tulidhani unajua. Obedi aliuza yote, wakakata mirunda ya kujengea. Na mama yako alikuwa akiwaletea wakataji uji."

Uji, Mama! Ulipanda mlima ule kwa kifua chako hicho, na ndoo kichwani, kuwalisha watu waliokuwa wanakata uzee wa mwanao.

Ulitaka nisahau yaliyosemwa sebuleni kwako usiku ule. Siyasahau. Obedi hakuinuka hata kunisalimia. Alikuwa amevaa kofia ya kampeni, ingawa kura za maoni zilishapita na wenzake walishambwaga vibaya. Nikamuuliza miti yangu iko wapi.

"Dada, kidogo tu ningeshinda," akasema. "Udiwani si mchezo. Ilibidi niwabebe watu kwa pikipiki, niwanunulie soda. Ningeshinda ningekurudishia mara mbili."

"Na umeshindwa."

"Itachipua, dada. Miti huchipua."

Mwanaume aliyezaliwa Makete hajui kwamba paini si mlingoti! Mlingoti, huo ambao mjini wanauita mkaratusi, ukiukata unachipua. Paini ukiikata umeiua. Hakujua, au alijua na akaona nimekaa mjini sana, nimekuwa mjinga. Na wanunuzi nao walimpunja, kwa sababu miti ilikuwa bado michanga, haifai mbao. Hata wizi wenyewe hakuufanya kwa akili.

Lakini Obedi hakuniumiza kama wewe. Wewe ulikaa pale jikoni mlangoni, ukasema bila kuniangalia: "Yusta, wewe uko peke yako. Miti yote ile ilikuwa ya nani? Mwenzio ana watoto wanne, na hao ndio watakaokuzika."

Usiku ule sikukujibu. Sasa najibu. Kuzikwa ni siku moja, Mama. Uzee ni miaka. Kabla hawajanizika nitakula nini? Nani atanipeleka hospitali magoti haya yakikataa kabisa? Nani atanilipia chumba? Wale watoto nawapenda, sare zao za shule nimezinunua mimi. Lakini mtoto si akiba. Watoto hao wana maisha yao, na baba yao mwenyewe atawaegemea, maana hana alichoweka. Ukanihesabia ugumba wangu mbele ya mke wa Obedi, kana kwamba mtu asiye na mtoto hazeeki, au akizeeka hasikii njaa. Kama ningekuwa mwanao wa kiume, mngethubutu kukata hata tawi?

Nilirudi Kigali siwezi kula. Unamkumbuka mama mwenye nyumba wangu, Mama Divine, yule Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, uliyezungumza naye siku moja kwenye simu. Alinikuta nimekaa juu ya gunia, wateja wanasubiri. Akawapimia yeye, kisha akafunga mlango.

"Yusta, wewe iko unalia kwa miti ama kwa mama?"

"Kwa vyote viwili."

"Kwa mama, mimi siwezi kitu. Kwa miti, kesho tunaenda sekta."

Kesho yake akanishika mkono hadi ofisi ya sekta, ambayo ni kama kata huko kwetu. Hapa kuna mpango wa serikali kwa watu kama sisi tusio na mwajiri, unaweka kidogo kidogo kwa simu, unaanza kulipwa ukizeeka. Hata mgeni anayeishi hapa anaruhusiwa. Miaka yote nilikuwa naupuuza, nasema akiba yangu iko Makete inakua. Nimejiandikisha. Nimechelewa, na hicho nitakachopata hakitajenga vyumba Njombe. Umri niliokuwa nao nilipopanda paini siupati tena. Hilo ndilo Obedi hawezi kunirudishia, hata apewe ubunge.

Sasa sikia nilichoamua, na usitume mtu kunibembeleza. Kabla sijaondoka nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akathibitisha mbele ya mashahidi kwamba mlima ni wangu. Eliza ndiye atakayeutunza. Mvua zikianza tutang'oa visiki na kupanda parachichi, kwa sababu kusubiri paini tena siwezi. Matunda tutagawana, makubaliano tumeshaweka. Obedi akionekana pale na panga, Eliza ameruhusiwa kwenda polisi moja kwa moja, na nitapanda basi kuja kutoa ushahidi.

Hela yako ya kila mwezi sitaikata, wewe ni mama yangu. Lakini haitapitia tena kwenye simu ya Obedi. Neema akusajilie laini yako. Lile ombi la Obedi la mabati ya kuezekea, jibu ni hapana. Na ile habari yake kwamba tuuze mlima anunue bodaboda anipe sehemu yangu, usinirudie nayo tena.

Unauliza Krismasi nitakuja? Nitakuja wakati wa kupanda, na nitalala kwa Eliza. Nyumbani kwako siwezi kulala kwa sasa. Sikuchukii, Mama. Ila nikikaa sebuleni pale nitasikia maneno yale tena, na wewe bado hujasema kwamba ulikosea. Umeniambia tu nisamehe. Ni vitu viwili tofauti.

Nisalimie baba mdogo, mshukuru kwa kusimama kama shahidi wangu wakati wengine waliangalia chini. Msalimie shangazi na jino lake. Msalimie mwinjilisti, mwambie sadaka ya paa la kanisa nitaituma. Mke wa Obedi msalimie, alilia nilipoondoka, nilimwona. Watoto wasalimie mmoja mmoja kwa majina, hawana kosa lolote.

Obedi mwenyewe usimsalimie.

Ni mimi mwanao, uliyenizaa wa kwanza,
Yusta