Jogoo wa Chumba cha Pili

Jumanne, 15 Machi 1955

Mvua. Jana jioni gari la Mzungu lilikwama kwenye tope chini ya shamba langu. Yeye na mkewe, watoka Rhodesia, waenda Kenya. Tulisukuma mpaka kiatu changu kimoja kikabaki topeni — wapi! Nikawakaribisha. Wamelala kitandani kwangu, mimi jikoni. Tangu mke wangu Tumpe afariki mwaka juzi kitanda kile hakijalaza watu wawili.

Asubuhi nikawapikia mayai kama nilivyokuwa nikipika hotelini Mbeya. Yule mama wa Kizungu akaomba aone kahawa. Nikawatembeza mstari kwa mstari. Anashika jani, anauliza! Miaka tisa napalilia mibuni hii, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Walipoondoka wakaacha shilingi mezani. Nikawakimbilia nazo, wakacheka, wakapunga mkono.

Mgeni kunilipa. Siku nzima nalifikiria jambo hili.

Jumapili, 17 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimesimamisha ubao, herufi nimechora mwenyewe, moja imepinda kidogo: VYUMBA. CHAKULA. TEMBEA SHAMBA LA KAHAWA. Mablanketi mapya nimeyafuata Tunduma. Getini nimetundika ringi ya lori na bolti ya kugongea, maana nikiwa mibunini simsikii mtu akiita. Chini ya ubao nimeongeza: MGENI AGONGE HAPA, ANGOJE.

Safi kabisa. Tumpe angenicheka, angesema nimefungua stesheni.

Alhamisi, 26 Mei

Vyumba vitatu sasa! Cha pili ndicho kizuri, dirisha linatazama shambani. Wamekuja Wazungu wawili wa Nairobi na Mhindi mmoja mwenye duka Mbeya. Wamefunga vikapu kiunoni, wamechuma buni nyekundu — na za kijani pia, Mungu awasamehe. Nimewaonyesha mashine ya kumenyea, wameizungusha kwa zamu kama watoto. Wamekula, wamesifu, wamekwenda kulala. Nikabaki na sahani.

Ila nimegundua kitu. Toka ubao usimame sijasikia hodi mlangoni kwangu. Hata moja! Ringi tu, kutwa.

Jumamosi, 11 Juni

Nimekutana na jirani yangu Ambilikile dukani Vwawa. Zamani alikuwa akipita kwangu karibu kila jioni. Ugali unaiva, yeye huyo, anakaa, anakula. Nikamuuliza mbona amenitupa. Akaitazama baiskeli yake kwanza.

"Isaka, sisi tutagongaje chuma kwa ndugu yetu? Watu wanasema karibu yako unaiuza."

Nikamweleza kwamba ubao ni wa wageni. Akasema na yeye akija kwangu ni mgeni, au sivyo? Nimerudi na hasira zangu, nimepika chakula cha watu wawili, nusu nimewamwagia kuku. Waache! Wivu tu huo.

Si wivu. Najua si wivu.

Jumatatu, 27 Juni

Buni zimeiva shamba zima. Kila mwaka wakati huu dada Sekela anashuka kutoka Ikinga kunisaidia kuchuma. Ndiye aliyenilea mama alipokufa. Anakuja na jogoo kwapani, zawadi yangu, na hodi anaipiga akiwa ameshafika jikoni. Anafunua vyungu vyangu, anagombeza chumvi, anagombeza kuni. Wiki nzima ananigombeza, nami nalala usingizi mzuri.

Mwaka huu kimya. Nimempa barua mwinjilisti anayekwenda huko Ikinga. Nimeandika: Dada njoo, kitanda kipo. Asipokuja yeye, basi sina mtu.

Jumatano, 6 Julai

Baridi. Wageni saba, sijakaa chini tangu alfajiri. Mwinjilisti amerudi. Dada hajui kusoma, kwa hiyo alimsomea. Anasema Sekela aliuliza swali moja tu: kitanda hicho ni cha wageni au cha nyumbani?

Buni zinaanguka chini.

Ijumaa, 15 Julai

Ringi imelia saa sita mchana. Mara moja, polepole. Nikavaa aproni nyeupe nikashuka na tabasamu langu la kazi.

Sekela! Amesimama nje ya geti, vumbi hadi magotini, mzigo bado kichwani, jogoo kwapani. Geti liko wazi. Hakuingia.

Nikamwambia, dada, pita. Akasema mtu wa njiani amemsomea ubao, umesema mgeni angoje. Nikanyoosha mikono nipokee mzigo. Akanipa jogoo.

"Huyu ni wa chumba," akasema. "Siku mbili. Kama hatoshi, uniambie."

Hakunigombeza. Afadhali angenitukana! Mimi nikaelekea jikoni, nikidhani ananifuata. Kugeuka — yuko barazani, amekaa kwenye benchi la wageni, anangoja aonyeshwe. Nikamwonyesha chumba cha pili. Nikampelekea chai, akasema asante kama wale wa Nairobi. Nimekwenda nyuma ya ghala nimelia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sasa saa kumi. Jogoo nimemfunga kwenye mguu wa meza hii. Nikimchinja, nimepokea malipo ya dada yangu. Nikimrudisha, nimekataa kuku wa dada yangu. Nimekwenda getini kung'oa ubao. Misumari niliipigilia vizuri mno, haikutoka. Na kesho yanakuja magari mawili.

Kisha nikaenda mlangoni pa chumba cha pili, nikabisha hodi. Nyumbani kwangu mwenyewe! Kimya. Nikabisha ya pili. Namsikia anakohoa, hajalala.

Hodi ni tatu. Ya tatu ukikosa jibu, unaondoka. Nimerudi hapa mezani kwanza, niandike haya. Imebaki moja.