Mbao za Baba Juu ya Meza Yangu

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, ile baridi ya Julai ya kuvaa sweta mbili. Mikono yangu inanata hata nikiandika hapa.

Leo nimemaliza meza yangu ya kazi. Acha niandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Mimi hutengeneza pampu za maji. Karakana yangu ni chumba cha chini ya nyumba. Tumejenga kwenye mteremko, kwa hiyo mbele kuna mlango na nyuma kuna mlima. Tunakiita besimenti kwa madaha tu. Mvua ikinyesha, ukuta wa nyuma unatoa jasho.

Jasho hilo ndilo lililoua meza ya kwanza. Nilikuwa nimeweka MDF, ile mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa, laini, ya kupendeza, na haukupita muda ikafura kama andazi. Nikaifunika kwa bati. Bati halifuri, lakini nati zinateleza ovyo, na kila pigo la nyundo linasikika hadi kanisani. Mume wangu, Mutua, akasema tupige taili, zimebaki za bafuni. Mutua ni mtu mzuri, lakini hajawahi kugongagonga beringi iliyokwama. Mbao ya saiprasi nayo ni laini, na mchwa wa huku wanaipenda kuliko sisi.

Mbao inayofaa nilikuwa nayo wakati huo wote. Ilikuwa pembeni mwa chumba, imeinuliwa juu ya mawe na kufunikwa turubai, nami nikiizunguka kila siku.

Ni ya mti wa mukau. Huku Ukambani hakuna asiyeujua: mchwa huuonja na kuondoka. Mbao sita nene, zimekauka vizuri.

Zilikuwa za jeneza la Baba.

Alizipasua kutoka mti wa shambani kwake Kithyoko, baada ya kumzika Mama. Alipokuja kuishi nasi alileta begi la nguo na mbao hizo. Tangu hapo anangoja. Si mgonjwa. Anakula, anaenda misa, analala mchana. Lakini ukimwambia anunue viatu vipya, anauliza ni vya nini. Jambo hilo linanikasirisha, na chini ya hasira kuna hofu.

Juzi alishuka, akabonyeza ile MDF ukingoni, chini ya bati, kidole kikazama. Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Kwa hiyo hata akinigombeza, ananigombeza kwa heshima.

"Mwaitu, hii si mbao, hii ni uji. Chukua zangu."

Nilikataa. Nitagongaje nyundo juu ya jeneza la baba yangu?

"Bado si jeneza. Lakini weka skrubu peke yake. Gundi usiweke hata kidogo. Siku yangu ikifika, mtafungua mnitengenezee."

Nikasema sawa, Baba. Mutua alicheka mpaka akakaa chini. Alisema ndiyo mara ya kwanza kuona meza ya kuazima.

Sasa, mbao zikishikwa kwa skrubu tu, huachana. Pini ndogo za pampu hupotelea kwenye nyufa, na ukikaza vaisi, ile ya kubana chuma, meza nzima inacheza. Fundi yeyote angeniambia nitie gundi. Ningeweza kujificha nyuma ya hoja hiyo, nayo ni ya kweli.

Lakini si hiyo iliyonisukuma.

Jana niliifunga kwa skrubu kama alivyotaka. Ilikuwa na nyufa, lakini ingefanya kazi. Baba akashuka kuikagua. Akasimama kando yake, akapima urefu wa mbao kwa shibiri, kisha akajitazama kutoka kifuani hadi miguuni.

"Bado zinanitosha," akasema, kwa furaha ya mtu aliyejaribu suti.

Leo baada ya chakula cha mchana, alipolala, nilifungua skrubu zote. Nikapiga randa kila ukingo, nikapaka gundi, ile isiyoogopa maji, bila kuacha nafasi. Nikazibana mbao kwa kamba na kuikaza kwa vijiti mpaka gundi ikatoka juu.

Sikumsikia akishuka. Alipitisha kidole kwenye maungio, kikanata. Akakitazama kidole, akanitazama mimi. Nilidhani atapiga kelele, lakini aliuliza polepole tu.

"Sasa mtanizika na nini?"

Nikamwambia sijui, na sitaki kujua. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta gundi iliyozidi, maana ikishakauka haitoki. Baba akachukua kitambaa kingine, akaanza kufuta upande wake.