Uzi wa Buluu Ndani ya Chaza

Jumatatu, 4 Machi 1996. Voi.
Chembe, katika daftari hili: kipande cha plastiki kisichofika milimita moja, kinachobaki nyama ya chaza ikishayeyushwa kwa kostiki soda. Kinachoyeyuka si chembe.
Chaza kumi na wawili kutoka dukani kwa Bi Zuhura. Nduguye huwavuna pwani. Nusu wamefugwa kwenye kamba za nailoni za buluu. Nusu ni wa mwitu, wamebanduliwa kwenye mizizi ya mikoko. Nimegawana sawa na Mwakio, mwalimu mwenzangu mpya.
"Mwalimu, wewe wanunua chaza, huwali," alisema Bi Zuhura. "Wawatazama kama wachumba."

Jumanne, 5 Machi.
Mwakio ameona chembe: nyuzi za buluu. Katika chaza wake wote sita. Mimi nimeziona kwa miaka saba, kwa darubini hiyo hiyo, nikaandika "vumbi". Yeye ana mihula miwili hapa. Mkuu wa shule amemteua asome ripoti mbele ya walimu wa sayansi kule Wundanyi, Jumamosi ya wiki ijayo.
Nina wivu. Naandika neno hilo kwa kuwa ndilo sahihi.

Alhamisi, 7 Machi.
Nimeliona kosa. Maji ya bomba huja na tope, nasi huyachuja kwa kitambaa, kama kila nyumba ya Voi. Kitambaa kinachoning'inia kando ya sinki ya maabara ni cha nailoni. Cha buluu.
Sikumwambia. Nilikunywa chai nikisikiliza anavyosifiwa. Nilifurahi.

Jumapili, 10 Machi.
Nimerudia peke yangu kwa chaza wa fungu langu niliowaweka barafuni, na kwa maji safi ya betri ya chupani, yasiyohitaji kuchujwa. Wa kufugwa: nyuzi mbili za buluu. Wa mwitu: hakuna. Basi kamba ndizo. Jibu ni langu. Mwakio asome, kisha nisimame nimsahihishe. Sentensi ya kwanza nimeshaiandika.

Jumamosi, 16 Machi. Wundanyi.
Alisoma hesabu zake zote, kisha akasema zisiaminiwe. Juzi alichuja maji matupu, akapata nyuzi zile zile.
"Kitambaa nilikikuta ndoanoni, cha Mwalimu," alisema, akiniinamia kidogo. "Kosa ni langu. Sikuuliza."
Watu walicheka kwa upole. Sentensi yangu ilibaki mfukoni.
Ni kweli. Nilikitundika mimi, mwaka wangu wa kwanza. Alhamisi ile nilijua ni changu.

Jumapili, 17 Machi. Voi.
Nimempa matokeo ya maji ya betri. Amesema ripoti mpya itakuwa na majina mawili, langu mbele, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Hakuuliza nilianza lini kujua. Ingekuwa afadhali angeuliza.
Tumepima pamoja chaza mmoja wa mwitu aliyesalia barafuni. Maji ya betri, vyombo vya kioo, makoti ya pamba. Uzi mmoja. Mwekundu. Hakuna kitu chekundu humu maabarani, wala hakuna kamba mikokoni.
Umetoka wapi?