Mgagani wa Ghorofani

Michenzani, Unguja

Mama yangu,

Mbukwa, Mama, na shikamoo juu yake. Kifua kinaendeleaje? Ile dawa ya mwarobaini umeimaliza, au umeimwaga nyuma ya zizi kwa kuwa sipo? Nakujua. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kanisani naenda, maana najua hilo ndilo swali lako la pili. Wewe Tabitha, dada yangu msomaji, msomee Mama yote kama nilivyoandika, usiruke.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuongei. Unaogopa vocha, unasema kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mara ya mwisho uliniuliza, "Ukiugua huko, nani atakupa maji?" ukakata kabla sijajibu. Kisha Tabitha akanitumia ujumbe kwamba umesema kama sina mtu huku, baada ya mavuno nirudi Mpwapwa. Swali lile nililala nalo, Mama. Nikajihesabia nilicho nacho: Kazi ninayo, chumba ninacho, lakini mtu? Leo jibu ninalo, ila ni refu, kwa hiyo vuta kigoda.

Mbegu za mgagani ulizonifungia kwenye kipande cha khanga zilifika salama. Shida ikawa pa kuzipanda. Huku ni ghorofani, udongo wa karibu ni ule ninaoingia nao kwenye viatu. Sasa pale kazini, kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe ninapofua mashuka, kuna fundi bustani anayelima saladi juu ya paa bila udongo. Nilimcheka. Akanionyesha ndoo yenye mfuniko, mfuniko una tundu, kwenye tundu mche umeshikizwa kwa makumbi ya nazi, na chini yake maji yenye mbolea. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna kumwagilia. Unatia maji mara moja, unafunika, unaacha. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na mizizi inayobaki juu inavuta pumzi. Akanionya mambo mawili: ndoo uizungushie kitu cheusi mwanga usiingie, na usije ukayajaza tena mpaka juu, mizizi itakosa pumzi ioze. Nilimwambia mimi nimezaliwa Ugogo, kubania maji sihitaji kufundishwa.

Basi nikaomba ndoo tupu za rangi kwa mafundi, nikazivalisha nailoni nyeusi, nikazipanga kwenye roshani. Roshani ile naichangia na jirani yangu Bi Zuhura, mjane wa asili ya Kiarabu, anashona kofia za mkono. Wakati huo tulikuwa watu wa shikamoo na marahaba tu, kisha kila mtu na mlango wake. Nilidhani hanipendi kwa sababu naenda kanisani. Mungu anisamehe, nilimdhania vibaya.

Mgagani ukaota, Mama, ungefurahi. Siku nikirudi kazini na kuukuta umeongeza jani, nilikuwa nausalimia kama mtu wa nyumbani. Ila wewe umekua na mgagani mlangoni, hujawahi kuutazama kwa macho ya mtu asiyeujua. Hebu utazame. Majani yametoka matano matano kama vidole. Harufu yake ukiipita tu inakufuata. Na ndoo zimefichwa kwenye nailoni nyeusi, kwa mtu wa bara anayekaa peke yake. Unaona inakoelekea?

Maneno yakaanza kwenye ngazi. Jamaa wa ghorofa ya juu yetu akachungulia, akaona vidole vitano, akaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa wa huku, kusema yule binti wa Dodoma anapanda bangi. Mwenye chumba changu, mzee anayekaa Mpendae, akanipigia simu kwamba sheha anakuja, na likithibitika nifungashe siku hiyo hiyo. Nani angeniamini? Huku sina shangazi wala mjomba wa kusema huyu ni wetu. Nikaona swali lako limenifuata mpaka mlangoni.

Na kwa bahati mbaya zaidi, mgagani wenyewe ulikuwa unakufa. Majani ya chini yamekuwa ya njano, vichwa vimelala. Nilidhani ni chumvi ya upepo wa bahari, au mbolea imezidi. Nikajiambia nisifunuefunue, maana fundi alikataza kuingiza mwanga.

Sheha akaja Jumapili mchana, nimetoka tu ibadani, akiwa na watu wawili, na nyuma yao majirani waliojazana ngazini. Mtu mstaarabu, hakunipigia kelele. Aliuliza hiki ni nini. Nikamwambia mboga ya kwetu. Akauliza kama ni mboga, mbona imefichwa. Nikaanza kueleza habari za mwanga na mizizi na pumzi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Mmoja wa wale wawili tayari alikuwa ameshika ndoo ainyanyue.

Hapo ndipo mlango wa pili ukafunguka. Bi Zuhura akatoka na sindano yake ya kofia bado mkononi, akachuma jani, akalitia mdomoni, akalitafuna mbele ya sheha. Unajua uchungu wa mgagani mbichi, Mama. Hakukunja hata uso.

"Huu mwangani, sheha," akasema, kumbe ndivyo mgagani unavyoitwa huku. "Kwetu Mangapwani mamangu akitupikia kwa tui la nazi. Na maji nnautilia mie kila siku, mtoto akiwa kazini. Maji yangu ya udhu haya. Hebu nambie, mie niitilie bangi maji ya udhu?"

Watu wakacheka. Sheha naye akachuma jani akatafuna, akakunja uso kwa niaba ya wote, akaomba radhi na kuondoka. Yule jamaa wa juu akashuka baadaye kuniambia ana watoto, aliogopa. Nikamwambia yameisha, na kweli yameisha.

Lakini umesikia alichosema, Mama? Kila siku! Nilikuwa nimeokolewa na muuaji wa mboga zangu. Machozi yalinitoka na kicheko juu yake. Alikuwa akifunua pembeni, akiona maji yameshuka nusu ndoo, akisema masikini, mmea wa mtoto wa watu una kiu. Na maji ya bomba huku huja yakipenda. Yeye hujiwekea kwenye pipa lake, mtu mzima yule, na bado alichota ya kwake akautia mgagani wa jirani asiyemjua vizuri. Sisi kule kwetu, Mama, tungemwonea mtu huruma, lakini maji ya pipa tungeyafikiria kwanza.

Nilikaa na neno hilo mpaka kesho yake. Nikabisha hodi, nikakaribishwa ndani kwa mara ya kwanza, nikaandaliwa kahawa na biskuti za vileja, nikamweleza taratibu kwamba mgagani unakufa kwa maji kuzidi. Akasikiliza. Akaweka kikombe chini. Nikajuta kusema. Kisha akafunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika, na kumbe anacheka.

"Sasa hiyo mingine yako iache na kiu yake," akasema, "lakini nipandie wangu ntakaoutia maji. Mie siwezi kupita mbele ya kitu kina kiu, mwanangu. Nshazeeka hivyo."

Basi nimetoboa ndoo moja chini, nikaomba udongo kwa yule fundi bustani, na hiyo ni ya Bi Zuhura. Zilizobaki mgagani wake ulishaoza, nimezisafisha, zinasubiri. Nitumie mbegu nyingine, Mama, nyingi kidogo, maana ameshaahidi kuupika kwa tui na mimi nimeahidi kuupika kwa karanga, tuone nani mpishi. Jioni hizi silali tena bila kuitwa upande wa pili: "We Neema!" Nami siku hizi naitika "Naam" kama mzaliwa wa huku, si "Abee" ya kwetu. Namshukuru Mungu, namshukuru mama huyu, na nakushukuru wewe, maana bila mbegu zako tungebaki na marahaba tu.

Anayeleta barua hii ni mwimbaji mwenzangu wa kwaya, ana mdalasini na karafuu zako. Nisalimie mjomba mchunga ng'ombe, mwambie kijiti cha mswaki alichonipa bado kipo. Nisalimie mama mchungaji, na shangazi wa kisimani ambaye najua ameshasikia haya yote kabla barua haijaisha kusomwa.

Na lile swali lako, kwamba nikiugua huku nani atanipa maji: usiogope, Mama. Yupo. Nikishapona, kazi itakuwa kumzuia.

Ni mimi binti yako unayemwombea,
Neema