Namba Zisizotulia

Mpendwa Baba Mwende,

Mwende amemwaga uji asubuhi hii juu ya karatasi yako kubwa, ile yenye mchoro wa skrini ya oveni ya kiwandani kwetu, kisha akaupangusa kwa kiganja mpaka ukaenea vizuri. Nimeianika kwenye kamba. Nilipokuwa nayo mkononi ndipo nikaona kosa letu, na nakuandikia kabla sijaogopa.

Unakumbuka tulivyoitandaza hapa sakafuni, kitanda tukakisukuma ukutani? Ulikuwa unalala kifudifudi, penseli sikioni, unaniambia, "Jifanye uko zamu. Moto umepanda. Mkono unaenda wapi?" Nami naweka kidole, na wewe unachora kitufe palepale. Ulisema nimekufundisha mambo ambayo chuo hakikukufundisha. Mimi wa darasa la saba, nilitembea wiki nzima shingo juu.

Tangu uende Eldoret kufunga ile kompyuta nyingine, skrini yako haijaharibika hata siku moja. Namba za kijani zinaonyesha moto wa oveni saa ileile, hakuna tena kupanda ngazi kutazama geji ya mshale. Fomeni huwaleta wageni kuiona kama bibi harusi.

Sasa juzi Mama Kioko alikuwa zamu. Moto ukapanda, naye akasimama mbele ya skrini, kalamu mkononi, mpaka biskuti za oveni nzima zikawa makaa. Fomeni akamuuliza kama alikuwa amelala.

"Nilikuwa nangoja itulie niandike," akasema.

"Mama, hiyo ni kompyuta, si mtoto wa kubembelezwa," fomeni akamwambia, na watu wakacheka. Meneja amesema asiyejua kusoma skrini hafai, Jumatatu asirudi.

Mimi sikucheka. Nilipoingia kiwandani nikiwa msichana, Mama Kioko ndiye aliyenifundisha geji. Mshale hutetemeka kwanza, aliniambia, usiandike, usiguse kitu, ngoja utulie. Sisi sote tunafanya hivyo. Lakini namba zako hazitulii, ukipepesa jicho zimebadilika. Na kwenye karatasi zilikuwa zimetulia tuli, Baba Mwende. Uliandika mia mbili na ishirini kwa penseli, ikakaa hivyo wiki tatu. Nilikuonyesha mkono unaenda wapi, sikukuambia kwamba kabla ya mkono kwenda tunangoja. Wewe hukuuliza, nami sikujua ni jambo la kusemwa.

Nafikiri inarekebishika. Fanya namba ikae kidogo kabla ya kubadilika. Na moto ukipita kiasi, skrini nzima iwe inawaka na kuzima, hata anayengoja ajue kungoja kumekwisha. Njia utaijua wewe.

Ila hiyo ni ukirudi, na Jumatatu ni kesho kutwa. Najua nikisema mbele ya meneja kwamba skrini ina kosa, utaona nimekuvua nguo mbele za watu. Na uliniambia wakiipenda hii watakupa na ya kiwanda cha sabuni. Nimeliwaza hilo tangu asubuhi nikimwogesha mtoto. Lakini Mama Kioko ana watoto wanne na hakukosea peke yake. Siku Mwende alipozaliwa, wewe ukiwa safarini, ni yeye aliyenishika mkono mpaka hospitali, na hajawahi kunikumbusha.

Mwende ameota meno mawili ya juu. Akiona bisibisi ya mtu yeyote anasema "baba", nimechoka kuwaeleza majirani.

Huyo ni Mama Kioko anagonga. Anasema meneja hakungoja Jumatatu, yuko ofisini na barua yake ya kumwachisha kazi, na kama nina la kusema twende sasa. Nimeshamfunga Mwende mgongoni. Nitamwambia meneja kwamba ule mchoro ni wetu wawili, kosa nalo ni letu, na linarekebishika. Wewe usinikasirikie kabla hujasikia nilivyolisema, maana nitalisema kwa heshima yako.