Sentensi Kumi za Kuzingirwa

Jumapili, 2 Novemba 2025 — Malaz, Riyadh

Mkataba wangu wa kazi za ndani uliisha juzi Ijumaa. Miaka miwili kamili! Nimemwomba madam exit yangu, maana bila hicho kibali sitoki nchi hii. Pasipoti anayo baba, mumewe. Madam kasema bukra. Kesho ya huyu mama haina tarehe.

Joy amepiga simu kutoka nyumbani. Ameniita auntie. Mwanangu wa kumzaa! Nimelia kwenye chumba cha kufulia, mashine ikiwa inazunguka wasinisikie.

Jumanne, 4 Novemba

Lujain, binti yao wa chuo kikuu, kaja jikoni na assignment. Neno moja la Kiingereza cha kale, leaguer: jeshi kuuzingira mji. Atafute visawe, aeleze tofauti, atunge sentensi kumi. Mhadhiri wake hataki za kompyuta. Nikamwambia nimefundisha Kiingereza miaka mitatu huko Vihiga. Akanitazama kama aliyeona friji ikiongea. Kisha akavuta kiti.

Mimi namenya viazi, yeye anaandika. Siege ndilo la kawaida. Blockade ni kufunga njia ili chakula kisipite. Leaguer ni kule kuzingira, na pia kambi ya wanaozingira. Siku hizi hulikuti ila kwenye vitabu vya zamani. Nikamwambia sisi tunasema mazingiwa, na mji ukizingirwa, umehusuriwa. Akaruka — hisar! Kumbe Kiarabu chao hichohicho.

Miaka miwili naulizwa pasi ya nguo iko wapi. Leo nimeulizwa ninachokijua. Nimefurahi, sitaficha.

Ijumaa, 7 Novemba — Al-Safa, Jeddah

Yalla, begi! Ndivyo nilivyoambiwa asubuhi. Tumeruka mpaka Jeddah kwa nyanya yake Lujain. Baba kabaki Riyadh. Na exit? Madam: assignment iishe kwanza. Tangu lini assignment ikawa yangu?

Haya. Nimetunga zote kumi. Mwalimu wangu Robinson alitufundisha kwamba sentensi isiyo na mtu wala mahali ni sifuri. Tunga kile ulichokiona! Basi nikatunga. Nilizoandika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili ni hivi: Mazingiwa ya nyumba ya Malaz yameingia mwaka wa tatu, na ufunguo wa lango ungali mkobani mwa madam. Aliyezingirwa aliomba pasipoti yake, akaambiwa kesho. Wazingiraji wamepiga kambi sebuleni, wanakunywa kahawa.

Nilicheka peke yangu nikiandika. Nimemwambia Lujain abadilishe majina, aweke ngome na wafalme.

Jumatatu, 10 Novemba

Hakubadilisha!! Ameituma jana vilevile. Nimemuuliza kwa nini. Eti zilikuwa nzuri, na alikuwa na haraka. Hata hakuzisoma vizuri, naona.

Mwatime wa Kwale, anayefanya kazi hapa kwa nyanya, kashika kichwa. "Wee Sellah! Umemuandikia bosi wako barua, na mtoto wake ndiye kaipeleka!" Nikamwambia ilikuwa mazoezi tu. "Mazoezi yana jina la mtaa wao?"

Alhamisi, 13 Novemba

Mhadhiri amempa Lujain alama za juu kabisa. Kisha kamuuliza: huyu aliyezingirwa Malaz ni nani? Anataka waonane Jumapili kwa video.

Lujain kaja jikoni na karatasi. Safari hii kaisoma polepole, amesimama, moja mpaka kumi. Akauliza, ni wewe? Ningeweza kusema ni mifano tu. Mdomo ulikuwa tayari. Nikasema ndiyo, ni mimi. Kaenda moja kwa moja kwa mama yake, na kelele zao wawili nimezisikia mpaka huku jikoni.

Simu yangu imechukuliwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Baba amefika kutoka Riyadh asubuhi. Nimeitwa sebuleni. Pasipoti yangu mezani! Sijaiona tangu uwanja wa ndege. Picha ile, mashavu yale — nilikuwa mnene.

Kando yake karatasi ya Kiarabu. Madam kamwamuru Lujain anitafsirie. Inasema nimetendewa vyema siku zote, na zile sentensi ni uongo nilioutunga mwenyewe. Nitie sahihi, halas, yaishe, nipate exit. Karatasi hiyo Lujain amtumie mhadhiri kesho.

Nikauliza naondoka lini. Baba kasema inshallah, karibuni. Nikauliza ndege ya tarehe gani. Madam akaanza kukunja ushungi wake.

Lujain, macho kwenye karatasi, kana kwamba bado anatafsiri, akaniambia kwa Kiingereza cha haraka ambacho wazazi wake hawakishiki: tarehe haimo humu, nimeisoma mara mbili, omba tiketi kwanza. Mtoto wa watu!

Nikasema naleta chai. Ndiyo maana niko hapa jikoni, daftari juu ya gunia la mchele. Chai imechemka, nimeipunguzia moto, imechemka tena. Mwatime anapanga vikombe polepole makusudi.

Nikisema tiketi kwanza, baba anaweza kuirudisha pasipoti mfukoni. Nikitia sahihi, anaweza vilevile, na hapo nitakuwa nimejiita mwongo kwa mkono wangu. Joy, mama yako anaogopa. Anaogopa sana.

Madam anaita. Mara ya tatu.

Naenda na trei. Kalamu naiacha hapa. Nitaomba tiketi kwanza.